Hodi Ndani ya Nguzo

Nianze na aibu yangu, maana mwisho wa habari hii mtaijua tu, na sitaki mtu aje kunisuta kwamba nilimzungusha. Mimi Namkunda, mjane wa fundi Mdoe, nilikuwa msikizaji wa nguzo katika mji wa Kwemvule kwa miaka thelathini na miwili, na miaka yote hiyo nilisikiliza kinyume. Wanaonijua watawaambia bibi huyu hajawahi kukubali kosa hata la chumvi kwenye mchuzi. Ni kweli, sikatai. Ndiyo maana hili limeniuma hivi.

Asubuhi hiyo ukungu wa kipupwe ulikuwa umeushukia mji hadi madirishani. Mimi nilikuwa chini kabisa ya Nyumba ya Tisa, ghorofa kumi na moja za mbao tupu, na juu ya kichwa changu watu mia nne na ushee wakikoroga uji na kugombania zamu ya bafu. Nilichomeka sindano ya pembe kwenye Nguzo ya Nne. Pembe ni ile mashine yetu ya kusikilizia, ndogo kama redio ya mkononi. Nikavaa vizibo vyake masikioni, nikasubiri namba.

"Mia mbili na kumi na mbili," nikajisemea. "Lo! Hii inaliwa."

Wageni wakifika Kwemvule hushtuka wakiambiwa kwamba nguzo zetu zina wadudu. Hushtuka zaidi wakiambiwa kwamba tumewatia sisi wenyewe. Lakini tangu matanuri ya saruji yafungwe, miji ya milimani hujengwa kwa mkulo, ule mti wenye harufu ya kafuri, na adui wa mti uliokatwa ni kuvu. Hujui imeingia lini. Nje nguzo inang'aa, ndani imeshakuwa uji.

Sasa, msituni kwenye magogo yaliyooza kulikuwa na mdudu mmoja mweusi, mwembamba, mwenye mabawa magumu. Anafanana sana na yule anayejirusha juu akigeuzwa chali, ta! Watoto wote wa huku wamemchezea yule. Huyu wetu ukimgeuza chali analala tu na kupunga miguu, hana mlio. Wataalamu wana jina refu la jenasi yake. Watoto walimwita bubu, nasi tukafuata. Tunayemtaka hasa ni funza wake: mweupe, bapa, hana miguu, kichwa kama ncha ya patasi. Hupita ndani ya mbao akipenya nyuzi kwa upana, akienda kuitafuta kuvu ilipo. Hana meno ya kutafuna. Huitemea kuvu mate, kuvu inayeyuka, naye huinywa. Kitaluni, wanakofugwa, wamewazalisha kizazi baada ya kizazi hadi wakapata bubu asiyegusa kitu kingine, na anayezaana humo humo gizani bila kutoboa nje. Basi huyo ndiye mlinzi wetu.

Fundi akisimamisha nguzo hutoboa tundu la unene wa penseli, hutia funza walioanguliwa siku hiyo hiyo, huziba kwa nta. Kisha huchukua nyundo yake ya mti na kupiga hodi. Kila fundi ana hodi yake, aliyojichagulia siku ya kuhitimu. Huipiga mara tatu, watu wakiwa kimya, hata kuku wamefukuzwa. Hodi ya mtu haipigwi na mwingine, hata mtoto wake. Akifa, hodi yake imekufa naye.

Na msikizaji kazi yake ni kupita na pembe, nguzo kwa nguzo, akihesabu milio. Mlio ni ulaji, ulaji ni uozo. Debe shinda haliachi kutika, ndivyo tulivyofundishana. Nguzo ikizidi milio mia moja na hamsini kwa dakika, hufukizwa moshi wa dawa hadi kila kilichomo kife, kisha hutiwa funza wapya. Sheria hiyo niliisaidia kuiandika mwenyewe, kwa mkono wangu huu.

Nikaita, "Bwana Singano! Njoo na mabomba."

*

Singano ni mdogo wa marehemu mume wangu. Miaka kumi na moja iliyopita nguzo moja ya Nyumba ya Tano ilipasuka katikati ya mchana, na Mdoe alikuwa chini yake akirekebisha bawaba ya mlango. Nguzo ile aliisimamisha Singano. Baraza la mafundi likakaa, likauliza nguzo ilikuwa safi? Likaambiwa cheti cha msikizaji kinasema ni safi. Basi kosa ni la usimamishaji. Wakamnyang'anya nyundo, wakampa mabomba ya moshi.

Tangu siku hiyo sikumwita tena shemeji. Nilimwita Bwana Singano, kama ninavyomwita mtoza ushuru. Yeye hakuacha. Kila asubuhi, mvua au jua, ni hivyo hivyo.

"Umeamkaje, shemeji?"

"Nimeamka. Ya Nne hiyo. Mia mbili na kumi na mbili."

Akatua mabomba. Kabla ya kuyafunga, akafanya kile ambacho mafundi wa zamani hufanya bila kufikiri: akaegemeza sikio kwenye nguzo, sikio tupu. Mimi nilikuwa naandika daftarini. Nikamaliza mstari, nikamaliza wa pili, nikainua uso. Bado alikuwa ameegemea, na uso wake umempauka kama aliyeamshwa na msiba.

"Shemeji," akasema kwa sauti ndogo. "Vua hayo madude masikioni."

"Nina nguzo ishirini na nne za kupitia, Bwana Singano. Wewe fukiza."

"Nakuomba. Vua, uje usikie."

"Nisikie nini ambacho pembe haikusikia?"

"Hii ni hodi ya kaka."

Nikamjia juu. Nilimwambia maneno ambayo sitayarudia hapa, kuhusu watu wanaofanyia mizaha marehemu. Alinishika mkono, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akanivuta taratibu hadi nikagusa mbao kwa shavu.

Mwanzoni nilisikia tumbo la nyumba tu: maji kwenye bomba, mwiko ndani ya sufuria. Kisha, chini ya hayo yote, kitu kidogo sana, kama kucha juu ya sahani.

Ko. Koko. Kimya. Ko.

Mwili ukanisisimka wote. Nilikuwa naijua hodi ile kuliko jina langu. Mdoe aliipiga kwenye mlango wetu jioni zote za ndoa yetu, kwa kifundo cha kidole, akirudi kazini, ingawa mlango ulikuwa wazi na nilikuwa namwona.

Ko. Koko. Kimya. Ko.

"Ya Mungu," nikasema. "Ni nani anayepiga?"

"Ni wao," akasema Singano. Machozi yalimtoka na hakuyafuta. "Ni wao, shemeji. Nguzo hii aliisimamisha kaka."

Pembe ilikuwa inahesabu tu, jamani. Inahesabu na kuvumisha, masikioni unapata mvumo kama wa mahindi yanayokaangwa jikoni kwa jirani. Funza elfu kadhaa wakigonga hodi hiyo hiyo, huyu akimdaka yule, pembe inakupa mia mbili na kumi na mbili. Ukiegemeza sikio mahali pamoja unampata mmoja.

Tulikimbia, wazee wawili, mimi na magoti yangu haya. Nguzo ya Sita: mpigo mwingine kabisa, mrefu, wenye madaha. "Mzee Guga!" akasema Singano. Guga alikufa nikiwa bado msichana. Nguzo ya Tisa ilikuwa ya fundi Mahimbo, aliyehamia Tanga na kuzikwa huko. Ya Kumi na Moja ya Mahimbo tena. Tuliacha maneno, tukawa tunaonyeshana kwa vidole tu kama watoto waliofumania kiota.

Fikirini jambo hilo. Funza yule haishi hata miaka miwili. Siku anapoanguliwa, kabla hajajua giza wala kuvu, kitu cha kwanza kumfikia ni hodi ile, kama mtoto mchanga anavyoadhiniwa sikioni. Akaishika, akawagongea wanawe. Wanawe wakawagongea wao. Vizazi kwa vizazi vya viumbe tulivyoviita bubu, humo gizani, wakiyatunza majina ya watu ambao sisi wenye akili tumeshawasahau. Nilikuwa nimewafukiza kwa maelfu kwa miaka thelathini na miwili.

Singano alikuwa anacheka na kulia. Akasema, "Kaka hajaondoka, shemeji. Alikuwa hapa hapa."

Mimi nami nilikuwa nacheka. Halafu kicheko kikanikauka mdomoni, kwa sababu wazo moja la kipumbavu lilikuwa limenijia.

Bubu hana meno. Anakunywa. Na kunywa hakuna kelele.

*

Kila mwanafunzi wangu nimemwambia hilo la meno somo la kwanza. Hata mara moja sikujiuliza: basi kama hatafuni, ile milio ni ya nini?

Singano alirudi kwenye Nguzo ya Nne, hakuweza kubanduka hapo. Mimi nikaenda peke yangu hadi Nguzo ya Kumi na Saba, chini ya majiko. Daftarini niliiandikia kwa wino wa kijani, rangi ya nguzo bora: *Kimya. Safi.* Nikaegemeza sikio. Hakuna kitu. Nikatoa sikio la kulia nikaweka la kushoto. Hakuna. Nikagonga kwa kidole, nikangoja. Kimya cha kaburi.

Mabubu wa nguzo iliyo hai wanaongea. Wanaitana humo ndani, huyu yuko wapi na yule yuko wapi, wakienda kwenye kuvu. Nguzo ambayo haijibu, walinzi wake wamekufa. Na kwenye mbao, ukiacha moshi wetu, mlinzi huyo huuawa na kitu kimoja tu: kuvu iliyozidi, maji na kuvu hadi akazama. Wahenga walishasema kimya kingi kina mshindo mkuu. Tuliikariri shuleni tukadhani ni habari ya wanadamu.

Nilikaa chini sakafuni. Hesabu ilikuwa inajifanya yenyewe kichwani, sikuitaka. Kama kelele ni uzima, nimefukiza nguzo zilizo hai. Kama kimya ni kifo, nimezipa cheti zilizokufa. Na ile ya Nyumba ya Tano, ile iliyopasuka, ilikuwaje?

Sikuhitaji kukumbuka, cheti chake nilikuwa nacho. Nilikwenda nyumbani, nikafungua sanduku la bati chini ya kitanda, nikakitoa cheti. *Nguzo ya Tatu, Nyumba ya Tano. Kimya kabisa. Safi.* Saini yangu, yenye mkia wa majivuno. Tarehe ilikuwa siku tisa kabla ya kumzika mume wangu.

Singano hakukosea. Aliisimamisha nguzo ikiwa nzima. Ilikufa baadaye, ikakaa kimya, mimi nikaja na pembe yangu nikakipenda kile kimya.

Nililia, sifichi. Kisha nikafunga kilemba vizuri, nikaenda ofisini kwa Kupaza.

*

Bwana Kupaza ndiye Mkuu wa Majengo. Ni kijana wa miaka arobaini, nadhifu, kalamu zake amezipanga kwa urefu. Nilimfundisha kazi mimi mwenyewe.

"Nataka Nyumba ya Tisa iwe tupu leo kabla ya saa tisa," nikamwambia.

"Karibu ukae kwanza, Bi Namkunda. Kuna nini?"

"Nguzo ya Kumi na Saba iko kimya."

Akanitazama kama unavyomtazama mzazi aliyeanza kusahau majina. "Kimya si ndiyo uzima? Wewe ndiye uliyenifundisha. Nitawatoaje watu mia nne kwenye baridi hii? Kuna wazazi wana vichanga vya wiki moja. Nipe sababu."

Nikakiweka cheti mezani, nikamweleza yote, kuanzia hodi hadi meno. Alisoma tarehe. Akasoma tena. Kupaza si mjinga, namba akiziona anaziona. Aliinuka, akafunga mlango, akakaa upande wangu wa meza.

"Watu wa Nyumba ya Tisa nitawatoa sasa hivi," akasema. "Na nguzo zote za kimya za mji mzima zitatobolewa kuanzia kesho. Hilo umeshalipata. Lakini hiki..." akakisukuma cheti kwangu kwa ncha ya kidole. "Hiki kirudishe sandukuni. Nitawaambia watu kumekuwa na mtikisiko wa ardhi, tunakagua. Wataamini."

"Kwa nini?"

"Mama yangu, fikiri. Ukisema leo kwamba msikizaji mkuu amesikiliza kinyume miaka thelathini, nani atalala ndani ya nyumba yoyote Kwemvule usiku huu? Watu watakanyagana. Na wewe mwakani unastaafu. Sheria unaijua: msikizaji akisababisha kifo hunyang'anywa pembe, na jina lake husomwa mbele ya mji. Kwa faida ya nani? Watu wanapona vile vile."

Nisiseme uongo: nilishawishika. Nilikishika kile cheti, nikakikunja mara mbili, mkono ukaelekea kifuani. Watu wanapona. Mji unatulia. Mimi nazeeka na heshima yangu. Kila mtu anapata, ila mmoja, na huyo ameshazoea.

Ameshazoea. Hilo ndilo neno lililonizuia. Miaka kumi na moja mtu anabeba mabomba mbele ya mafundi aliowafundisha. Kila asubuhi anamwambia *umeamkaje, shemeji* mwanamke anayemwona muuaji. Na mume wangu kule ndani ya nguzo anapiga hodi, anapiga hodi, na mwenye kuitika *karibu* ni mimi, nami nimeziba masikio kwa mashine.

"Kupaza mwanangu," nikasema, "umesema vizuri. Lakini maiti ni yangu, na aliyebebeshwa ni shemeji yangu. Piga kengele."

*

Walitoka kwa kunung'unika, na mablanketi, na sufuria za uji ambazo haziachiki. Ua wa Nyumba ya Tisa ukajaa. Nilipanda juu ya gogo la kukatia kuni nikasema. Sikupamba. Nilisema nguzo inayopiga kelele ni nzima na ya kimya imekufa, nikasema nani aliwafundisha kinyume chake. Nikasoma cheti, tarehe na saini. Nikasema, "Singano hakumwua kaka yake. Mume wangu aliuawa na masikio yangu."

Mama mmoja akapiga kelele, "Na wanetu je? Wamelala juu ya hiyo nguzo miaka mingapi?" Mwingine akanitemea mate, yakanipata kwenye kanga. Haki yake. Wengine walikuwa wananitazama tu kana kwamba nimevua nguo.

Singano alikuwa amesimama karibu na mlango, mabomba mabegani. Aliyatua chini moja baada ya jingine, polepole sana.

Kupaza akachukua mwenyewe keekee ya kutobolea mbao, akaingia chini na mashahidi sita, nami nikafuata. Akaielekeza kwenye Nguzo ya Kumi na Saba. Chuma kilipita nusu ya kidole kwenye mbao ngumu, kisha kikazama chote kama kijiti kwenye ugali, hadi Kupaza akagonga nguzo kwa paji la uso. Alipokichomoa, maji meusi yakafuata, yenye harufu ya kisima kilichoachwa. Shahidi mmoja akaanza kusali kwa sauti.

Tulitoka nje kwa vidole vya miguu. Ndipo jambo likatokea ambalo hakuna aliyelipanga.

Nyumba ile haikuwahi kuwa tupu hata siku moja tangu ijengwe. Daima kulikuwa na mtu anayetwanga, anayekohoa, anayempigia mtoto kelele. Sasa ghorofa zote kumi na moja zilikuwa kimya, na watu mia nne uani wamenyamaza kwa hofu, na ukungu umetuzunguka. Tukasikia.

Ilianza chini, Nguzo ya Nne. Ikapanda kwenye boriti, ikashika ghorofa ya pili, ya tatu. Nyumba nzima ilikuwa inagonga. Hodi juu ya hodi, za haraka na za madaha, kila ghorofa na mafundi wake, ikipanda hadi ukunguni tusikokuona na kushuka tena. Mlio mwembamba, wa mbali, lakini ulitingisha mifupa ya kifua. Mtoto mmoja mgongoni kwa mama yake akaacha kufurukuta, akageuza kichwa.

"Huyo babu!" akasema mzee mmoja, akavua kofia. "Hiyo ni hodi ya babu yangu Guga! Alikuwa anaipiga kwenye meza, tulipokuwa wadogo!"

"Na huyo baba," akasema mwanamke, akakaa chini kwenye umande na blanketi lake. "Huyo ni baba jamani."

Mmoja mmoja wakawa wanawatambua watu wao. Yule mama aliyenitemea mate alikuwa ameshika mdomo kwa mikono miwili. Sijui tulisimama pale muda gani. Nimeishi miaka sitini na moja, nimeona mambo, lakini sijawahi kuona watu mia nne wenye baridi na hasira wakasahau vyote viwili kwa ajili ya wadudu wasio na miguu.

Nilipogeuka kumtafuta Singano, hakuwapo. Mabomba yalikuwa mahali alipoyatua.

*

Pembe yangu nilinyang'anywa, jina langu likasomwa. Kumi na tisa, ndizo nguzo zilizokutwa zimekufa mji mzima. Watu walilala kwenye mahema wiki kadhaa, walilalamika, hawakukanyagana. Siku hizi msikizaji ni mtu yeyote mwenye sikio. Mnawaona asubuhi, wazazi na watoto, wameegemea nguzo kabla ya kwenda kazini.

Singano alirudishiwa nyundo. Hakuja kwangu. Tulipokutana njiani alinipisha, akasema, "Habari za asubuhi, Bi Namkunda," akapita. Basi nikaonja ladha ya kile nilichokuwa nampa.

Siku ya kusimamisha Kumi na Saba mpya nilikwenda, nikasimama nyuma ya wote. Mkulo ule ulikuwa unanukia hadi machozi yanatoka. Singano akatoboa tundu, akatia funza, akaziba kwa nta. Akainua nyundo yake. Watu wakanyamaza, kuku wakafukuzwa.

Kokoko. Kimya. Ko.

Kokoko. Kimya. Ko.

Kokoko. Kimya. Ko.

Sikuwa nimepanga. Miguu ilinipeleka yenyewe katikati ya watu hadi kwenye sakafu ya mbao chini ya ile nguzo. Mbele yake nikapiga magoti, la kulia kisha la kushoto, kwa kishindo, maana magoti ya uzee hayashuki kwa adabu. Nilitaka kusema nisamehe, sauti haikutoka. Yeye aliniangalia, nyundo mkononi. Kisha akageuka, akaondoka. Wanawake wawili ndio walioniinua.

Wiki saba zikapita. Nguzo mpya huwa haisemi upesi, funza ni lazima wakue. Asubuhi moja nilikuwa kizingitini napembua maharage, nikasikia hatua. Singano alikuwa amesimama mbele yangu, anahema, amekuja mbio, na mikono yake haijui pa kukaa.

"Shemeji," akasema. "Njoo usikie."

Maharage yalimwagika, sikuyaokota. Tulishuka pamoja hadi chini ya Nyumba ya Tisa. Juu yetu watu walikuwa wamesharudi, wanagombania bafu. Akanionyesha mahali pa kuegemea, naye akaegemea upande wa pili wa nguzo, uso kwa uso nami.

Ilikuwa hafifu, ya kitoto, isiyo na uhakika. Kokoko. Kimya. Ko.

"Ni yako," nikanong'ona. "Wameishika."

"Ngoja," akasema. "Haijaisha."

Nikangoja. Kokoko. Kimya. Ko. Kisha, baada ya nafasi ndogo, pigo zito la kwanza, na la pili nyuma yake, lililochelewa kidogo.

Du. Du.

Nilimtazama Singano, sikuelewa. Naye akainama, akagusa goti langu la kulia kwa ncha ya nyundo, halafu la kushoto.

"Watakuwa wanaomba radhi humo ndani hata tukiwa tumeshakufa wote," akasema. "Mimi nimeshaitika, shemeji. Niliitika tangu jana, niliposikia, nikakosa tu namna ya kuja."

Tuliendelea kuegemea pale, yeye upande wake na mimi wangu, hadi uji wa watu ukaiva.